Poncho ya Krosheti yenye Matundu na Vifundo: Mwongozo Kamili wa Kufuma kwa Kipimo Unachotaka

Kipupwe kinapoingia, kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Dar es Salaam huwa na ubaridi unaomfanya abiria wa kivuko cha Kigamboni ajikunyate, ilhali saa sita mchana mtu huyohuyo anatafuta kivuli. Sweta halifai kwa siku ya namna hiyo, kwa sababu likishavuliwa linakuwa mzigo. Poncho ya uzi wa pamba yenye matundu inafaa, kwa kuwa inakinga upepo bila kuhifadhi joto jingi, huvaliwa juu ya gauni au dera, na hukunjwa ikaingia kwenye mkoba. Anayekaa siku nzima chini ya kiyoyozi katika ofisi za Posta ataihitaji mwaka mzima, na anayepanda basi la alfajiri kwenda Mbeya, Njombe au Lushoto atashukuru kuwa nayo kabla hajafika.

Wengi wetu tuliingia katika ufumaji kupitia vitambaa vya makochi. Anayejua kufuma kitambaa cha meza ya sebuleni ana ujuzi wote unaotakiwa hapa, isipokuwa mmoja: kitambaa hakina kichwa cha kupita wala mabega ya kukaa. Vazi lina vyote viwili, na ndiyo maana mwongozo huu utatumia muda mrefu kwenye vipimo na hesabu kabla ya kufika kwenye mapambo.

Uzi na sindano

Chagua uzi wa pamba wa unene wa kati, ule unaofumwa vizuri kwa sindano ya krosheti ya milimita 4. Uzi mwembamba wa vitambaa vya makochi utakupa poncho nzuri sana, lakini kazi itachukua muda mara mbili au zaidi, na hesabu za hapa chini zitabadilika. Uzi wa akriliki ni mwepesi na haunywi maji, ila katika joto la pwani hubana jasho mwilini; mimi huuweka kwa ajili ya wateja wa mikoa ya baridi.

Katika maduka ya Kariakoo utakuta uzi mwingi uliokwisha kutolewa kwenye karatasi yake, na muuzaji anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba ni pamba kumbe sivyo. Omba kipande cha sentimita 10, nenda nacho pembeni palipo salama, ukichome. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mabonge yakiwa na karatasi, hakikisha namba ya mkupuo wa rangi ni moja kwenye yote, maana nyeupe mbili za mikupuo tofauti huonekana sawa dukani lakini hutofautiana waziwazi zikikutana kifuani juani.

Mbali na sindano ya milimita 4, tafuta ya milimita 5 kwa ajili ya mnyororo wa shingo na ya milimita 3.5 kwa ajili ya kumalizia shingo. Uwe pia na futi ya fundi cherehani, mkasi, sindano butu yenye tundu kubwa ya kufichia ncha za uzi, na pini mbili za nepi za kutia alama kwenye pembe.

Mishono itakayotumika

Mnyororo, ambao mafundi wengi huuita cheni, hauhitaji maelezo. Mshono wa kuteleza ni kuingiza sindano na kuvuta uzi moja kwa moja kupitia kila kitanzi kilichopo. Mshono mfupi ni kuingiza sindano, kuvuta kitanzi, kisha kuvuta uzi kupitia vitanzi vyote viwili. Nguzo, ambayo ndiyo itakayobeba kazi nzima, hufumwa hivi: zungushia uzi mara moja kwenye sindano, ingiza sindano, vuta kitanzi ili sindano iwe na vitanzi vitatu, vuta uzi kupitia viwili, halafu vuta tena kupitia viwili vilivyobaki. Ukisoma maelekezo ya nje, kumbuka kwamba jina ambalo Wamarekani huipa nguzo hii, Waingereza hulitumia kwa mshono mfupi, na poncho nyingi zimeharibika kwa kutolijua jambo hilo tu.

Kutokana na nguzo tunapata maumbo matatu. Fungu ni nguzo 3 zilizofumwa katika nafasi moja. Panda, kwa kuwa lina sura ya panda ya mti, ni nguzo 1, mnyororo 1 na nguzo 1, zote katika nafasi moja. Hili ndilo litakaloleta matundu. Kifundo ndicho kitakacholeta mguso wa kutuna: fuma nguzo 5 katika nafasi moja, toa sindano kwenye kitanzi, iingize kutoka mbele kwenda nyuma katika kichwa cha nguzo ya kwanza kati ya zile 5, kamata kitanzi ulichokiacha, kivute kipite, kisha fuma mnyororo 1 wa kukaza. Nguzo 5 zitajikunja na kutuna upande wa mbele kama bisi iliyopasuka. Sindano ikiingia kutoka nyuma, kifundo kitatuna kwa ndani na hakitaonekana, kwa hiyo lizingatie hilo kwenye kifundo cha kwanza kabla hujafuma 40.

Kipande cha majaribio

Fuma mraba mdogo. Unganisha minyororo 4 iwe pete, na ndani yake fuma mafungu 4 yaliyotenganishwa na minyororo 2 kila moja. Hizo ni pembe 4. Katika kila mzunguko unaofuata, weka mafungu mawili yenye minyororo 2 kati yake katika kila pembe, na fungu moja katika kila nafasi ya pembeni, mpaka mizunguko 6 itimie. Sasa ulaze mezani bila kuuvuta. Mafungu 5 ya upande wa nje yanatakiwa kuwa na upana wa sentimita 10, na kila mzunguko kimo cha takriban sentimita 1. Mafungu yakizidi sentimita 10, mkono wako ni mlegevu, basi punguza sindano, yakipungua, ongeza.

Usiutupe mraba huo. Tia alama kwenye uzi, fuma mafungu 10, yafumue, kisha pima urefu wa uzi uliotumika. Kwa mkono wangu ni kama mita 1.8, na kipimo hicho kitatusaidia baadaye kujua uzi wa kununua.

Shingo, mahali pa kutofanya haraka

Poncho hii huanzia shingoni na kushuka, inafumwa kwa mizunguko bila kugeuza, na inaongezeka katika pembe mbili tu: moja katikati ya kifua na nyingine katikati ya mgongo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuijaribu mwilini wakati wowote na kuacha pale urefu unapokutosha.

Ubaya wake ni kwamba shingo ikikosewa, kila kilicho chini yake kimekosewa. Poncho yangu ya kwanza ya kuuza niliifuma kwa kupima kichwa changu nikiwa nimenyoa, na mteja alikuja kuichukua akiwa amesuka nywele za kujaza. Haikupita. Niliifumua yote, mizunguko 40, mbele yake, na tangu siku hiyo nampima mvaaji mwenyewe, futi ikizunguka kichwa pamoja na msuko au kilemba chake, kwa staili kubwa kuliko zote anazopenda.

Chukua kipimo hicho, ongeza sentimita 3, gawanya kwa 2 ambayo ni upana wa fungu moja, kisha sogeza jibu lifike kwenye namba shufwa iliyo karibu. Hiyo ndiyo namba yako ya shingo, na minyororo ya kuanzia ni namba hiyo mara 3. Mtu mzima mwenye kichwa cha sentimita 57 anapata 60, yaani namba 30 na minyororo 90. Mtoto wa kichwa cha sentimita 50 anapata namba 26 na minyororo 78. Mwenye rasta au anayefunga kilemba kikubwa huweza kufikia namba 34 na minyororo 102. Kama fungu lako lilitoka na upana wa sentimita 2.2 na umeridhika nalo, gawanya kwa 2.2 badala ya 2. Zile 60 zitakupa 27 na kitu, nawe utachukua 28, yaani minyororo 84.

Fuma minyororo hiyo kwa sindano ya milimita 5, kwa sababu mnyororo wa kuanzia haunyumbuki kama mwili wa kazi unavyonyumbuka. Ilaze mezani, hakikisha haijajisokota hata mahali pamoja, unganisha kwa mshono wa kuteleza, kisha pitisha pete hiyo kichwani kabla ya kufuma chochote kingine.

Mzunguko wa kwanza

Nitaeleza kwa namba 30. Badilisha sindano, shika ile ya milimita 4. Fuma minyororo 3, inayohesabiwa kuwa nguzo ya kwanza, na nguzo 2 katika mnyororo uleule wa kuanzia; hilo ni fungu la kwanza. Ruka minyororo 2, fuma fungu katika mnyororo unaofuata, na uendelee hivyo mpaka mafungu yawe 7. Ruka minyororo 2, na katika mnyororo unaofuata fuma fungu, minyororo 2, fungu. Hapo umepata pembe ya mbele, itie pini. Endelea na mafungu 14, fuma pembe ya nyuma kwa namna ileile, itie pini, malizia kwa mafungu 7 na uunganishe kwa mshono wa kuteleza juu ya ile minyororo 3 ya mwanzo.

Kwa namba nyingine kanuni ni hii: mafungu ya kawaida kati ya pembe na pembe ni nusu ya namba yako kutoa 1. Namba 26 ina mafungu 12, namba 34 ina 16. Tunaanzia katikati ya ubavu ili kiungo cha mzunguko kikae begani, mbali na kifua ambako kila jicho hutua. Namba ikiwa 28, upande una mafungu 13, basi anza na 6 na umalizie na 7. Tofauti hiyo haionekani.

Kanuni moja ya mwili mzima

Kuanzia mzunguko wa pili hadi wa mwisho, sindano huingia katika nafasi iliyo kati ya umbo na umbo, na kamwe haiingii katikati ya umbo lenyewe. Kila nafasi ya kawaida hupata umbo moja, na kila pembe hupata umbo, minyororo 2, umbo. Kwa kuwa fungu, panda na kifundo vyote huchukua nafasi moja, unaweza kubadilisha mapambo utakavyo bila kuvuruga hesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Maumbo ya upande mmoja, kutoka pembe hadi pembe, ni nusu ya namba yako kujumlisha namba ya mzunguko. Kwa shingo ya 30, mzunguko wa 1 una maumbo 16 kila upande, wa 2 una 17, wa 20 una 35, na wa 40 una 55. Hesabu kila unapomaliza mzunguko. Kosa la fungu moja lililogunduliwa papo hapo hugharimu dakika tano. Lililogunduliwa baada ya mizunguko 10 hugharimu siku.

Mpangilio ninaoupenda hurudiwa kila mizunguko 8: mitatu ya mafungu, miwili ya panda, mmoja wa vifundo, kisha miwili ya panda tena. Matundu juu na chini ya vifundo huvifanya vionekane vimeelea, na mafungu yanayofuata hulipa vazi uzito wa kuning'inia vizuri. Vifundo vikizidi mstari mmoja katika mizunguko 8, poncho huwa nzito mabegani na hunyoosha shingo, hasa kwa uzi wa pamba.

Katika mzunguko wa panda, anza na minyororo 4, ambayo ni nguzo 1 na mnyororo 1, kisha fuma nguzo 1 katika nafasi ileile. Katika mzunguko wa vifundo, anza na minyororo 3 na nguzo 4, toa sindano, iingize juu ya ile minyororo 3 na uvute kitanzi kama kawaida. Baada ya mnyororo wa kukaza kila kifundo, fuma minyororo 2 kabla ya kwenda nafasi inayofuata, na katika pembe iwe 3. Mzunguko unaokuja juu yake utafumwa katika hiyo minyororo.

Limebaki jambo la kiungo, ambalo miongozo mingi huliacha. Ukishaunganisha mzunguko, unahitaji kufika kwenye nafasi ili kuanza mwingine. Ukiteleza kila mara kwenda mbele, mstari wa kiungo utasafiri kutoka begani hadi tumboni. Fanya hivi: mzunguko mmoja, teleza mbele juu ya mishono mpaka nafasi inayofuata, mzunguko wa pili, rudi nyuma, ingiza sindano katika nafasi iliyo kati ya umbo la mwisho na la kwanza, uteleze hapo. Ukipokezanisha hivyo, kiungo kitashuka wima. Kwa kuwa mwanzo husogea nusu ya fungu huku na huku, usitegemee idadi ya mafungu kabla ya pembe. Fuata pini, na uzihamishe juu kila mzunguko.

Urefu na kiasi cha uzi

Kila mzunguko huongeza sentimita 1 kwenye mkono na karibu sentimita 1.4 kwenye ncha ya kifuani, kwa sababu ncha hushuka kwa mshazari. Mizunguko 24 inamtosha mtoto: sentimita 24 mkononi na 34 kwenye ncha. Mizunguko 40 humfikisha mtu mzima wa wastani jirani na kiwiko, ncha ikishuka sentimita 56 hivi kutoka shingoni. Anayependa kufunika makalio aende mizunguko 48. Kuacha baada ya mizunguko 8 kamili huupa mpangilio mwisho safi.

Ili kujua uzi, zidisha namba yako kwa idadi ya mizunguko, kisha jumlisha idadi ya mizunguko mara idadi hiyo iliyoongezwa 1. Kwa namba 30 na mizunguko 40: 1200 jumlisha 1640, ni maumbo 2840. Kama mafungu 10 yalikula mita 1.8, unahitaji mita 511, nawe ongeza sehemu ya tano kwa ajili ya pindo na ajali, iwe kama mita 615. Vifundo hula uzi mwingi kuliko fungu, lakini panda hula kidogo, na katika mpangilio huu hufidiana.

Pindo na shingo

Kwa pindo la nusu duara, fuma nguzo 5 katika nafasi moja na mshono mfupi katika nafasi inayofuata, ukipokezanisha hadi mwisho. Ili pembe zote mbili zipate nusu duara, maumbo ya upande mmoja lazima yawe shufwa. Mwenye 55 aongeze mzunguko mmoja wa mafungu apate 56. Kwa namba 26, 30 na 34 mzunguko huo wa ziada utahitajika daima ukiishia kwenye mizunguko 8 kamili.

Anayetaka matamvua badala ya nusu duara akate nyuzi za sentimita 30, achukue 4 kwa kila nafasi, azikunje katikati na kuzifunga kwa kulabu ya sindano. Nafasi 112 hula zaidi ya mita 134, kwa hiyo uzi huo ununuliwe mapema, pamoja na ule mwingine.

Shingoni, tumia sindano ya milimita 3.5 na ufume mshono mfupi katika kila mnyororo wa kuanzia, mzunguko mmoja, ili isilegee kwa uzito. Kisha fuma kamba ya minyororo yenye urefu wa sentimita 130 na uipitishe kati ya mafungu ya mzunguko wa kwanza, ncha zikitokea mbele. Kamba hiyo ndiyo inayoruhusu mama na binti yake kuvaa poncho moja: mmoja anaiachia, mwingine anaikaza. Pembe zikigeuzwa zikae mabegani, mbele hunyooka na vazi hubadilika kabisa sura.

Kulainisha na kukausha

Poncho iliyotoka sindanoni huwa imejikunyata na matundu yake hayajafunguka. Iloweke dakika 20 katika maji ya baridi yenye sabuni kidogo, suuza, usiikamue kwa kuisokota. Izungushe ndani ya taulo na ubonyeze. Itandaze juu ya mkeka kivulini, ivute taratibu ncha na mbavu mpaka pande zote zilingane, uzibane kwa pini zisizo na kutu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, itandaze panapopita upepo au chini ya feni, kwa sababu pamba inayokaa na unyevu huota harufu ya uvundo ambayo ni kazi kuitoa.

Usiianike kwenye kamba ikiwa imelowa wala usiihifadhi kwenye henga ikiwa kavu, maana itarefuka kwa uzito wake na shingo itapwaya. Ikunje na kuilaza kabatini, vifundo vikiwa ndani.